Kizuri Chajiuza: Je, Sura Inatosha Kumhukumu Mtu?



Kabla hujaendelea, kama una Biblia karibu, soma 1 Samweli 16:1-13, Danieli 13 na Yakobo 2:1-9. Si marefu sana, na tutayarudia huko mbele.

Kuna swali ambalo kila semina ya vijana lazima liulizwe, tena mara nyingi kwa kikaratasi kisicho na jina: "Frateri, hivi ni dhambi kuvutiwa na mtu kwa sababu ya sura yake?" Anayeuliza huwa anawaza uchumba. Jibu fupi ni hapana, si dhambi. Lakini mimi naona swali lenyewe ni pana kuliko tunavyoliuliza. Sura ya mtu haiishii kwenye uchumba. Inaingia darasani, kwenye usaili wa kazi, dukani, kituo cha polisi, hadi sakristia. Nani anahudumiwa kwanza? Nani anasamehewa haraka akichelewa? Nani anaaminika anaposema "sijaiba mimi"? Ukichunguza vizuri utakuta mara nyingi uso umeshasema kabla mdomo haujafunguka.

Wahenga walisema, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Ni kweli kabisa kwa nyanya za sokoni. Leo nataka tujiulize kama ni halali kumtumia mwanadamu kipimo hicho hicho, na kama si halali, tufanye nini, maana macho tumepewa na hatuwezi kuyafumba.

Macho yana haraka

Tuanze na yale ambayo watu wa saikolojia wameyaona, kwa sababu wakati mwingine tunadhani sisi hatumo.

Mwaka 1972, watafiti watatu wa Marekani, Karen Dion, Ellen Berscheid na Elaine Walster, waliwapa wanafunzi 60 wa Chuo Kikuu cha Minnesota picha za watu wasiowajua. Baadhi ya picha zilikuwa za watu wenye sura za kuvutia, nyingine za watu wa kawaida, nyingine za watu wasiovutia. Wanafunzi wakaulizwa: unadhani huyu ana tabia gani? Atapata kazi ya namna gani? Ndoa yake itakuwaje? Yaani picha tu, hakuna kingine. Matokeo yake, wenye sura nzuri walidhaniwa kuwa na tabia bora, kazi nzuri zaidi na ndoa zenye furaha zaidi. Kitu kimoja tu hawakupewa: hawakudhaniwa kuwa wazazi bora kuliko wengine. Hapo angalau akili ilizinduka kidogo!

Mwaka 2006, Janine Willis na Alexander Todorov wa Chuo Kikuu cha Princeton walikwenda mbali zaidi. Waliwaonyesha watu nyuso kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde, yaani kufumba na kufumbua, kisha wakawauliza kama mtu huyo anaaminika, ana uwezo, anapendeka. Watu walikuwa na majibu tayari. Na walipopewa muda mrefu zaidi wa kutazama, hukumu zao kwa sehemu kubwa hazikubadilika. Kilichoongezeka ni ujasiri wao kwamba wamehukumu sawasawa. Hilo la mwisho linanitisha kuliko yote. Muda tulioongezewa hatuutumii kujisahihisha, tunautumia kujithibitishia.

Tena mambo haya yana bei ya fedha. Wachumi Daniel Hamermesh na Jeff Biddle, katika utafiti wao wa mwaka 1994 uliotumia takwimu za Marekani na Kanada, waliona kwamba watu waliohesabiwa kuwa na sura isiyovutia walilipwa pungufu kuliko wenye sura za kawaida, kwa kiasi cha asilimia 5 hadi 10. Kule ni kule, mtasema. Lakini nani kati yetu hajawahi kuona tangazo la kazi linalotaka "mwenye mwonekano mzuri", wakati kazi yenyewe ni kuhesabu magunia?

Wanasaikolojia wana jina la tabia hii. Mwaka 1920 Edward Thorndike aliona kwamba maofisa wa jeshi walipopima askari wao, wakimpenda mtu kwa jambo moja, wanampa alama za juu hata kwa mambo mengine yasiyohusiana. Akaifananisha na lile duara la nuru tunaloliona kwenye picha za watakatifu. Kwetu Wakatoliki mfano huo unaeleweka haraka. Kanisa linachukua miaka mingi kumtangaza mtu kuwa mtakatifu: mashahidi wanahojiwa, maandishi yanasomwa, muujiza unachunguzwa. Sisi tunamvisha mtu duara la nuru kwa sekunde moja, kwa sababu ana pua nzuri.

Tunamfinyanga mtu tunayemtazama

Hadi hapa mtu anaweza kusema, "Sawa Frateri, ni mawazo tu ya kichwani. Mimi nikimdhania mtu vibaya moyoni, yeye anapungukiwa nini?"

Kuna jaribio moja linalojibu swali hilo, nalo ndilo lililonifanya niandike makala hii. Mwaka 1977 Mark Snyder, Elizabeth Tanke na Ellen Berscheid walichukua vijana wa kiume na wa kike wasiofahamiana, wakawaunganisha wawili wawili kwa simu wazungumze. Kabla ya mazungumzo, kila mvulana alipewa picha, akaambiwa ndiyo ya msichana atakayeongea naye. Haikuwa yake. Wengine walipewa picha ya msichana mrembo, wengine ya msichana asiyevutia, bila kujali anayeongea upande wa pili anafananaje. Wasichana hawakujua lolote kuhusu hizo picha.

Wavulana waliodhani wanaongea na mrembo walichangamka, wakawa wakarimu, wakatania. Hilo lilitarajiwa. La ajabu lilitokea upande wa pili wa simu. Watu wengine walisikilizishwa sauti za wasichana peke yake, bila sauti za wavulana na bila kuona picha yoyote. Wasikilizaji hao wakasema kwamba wale wasichana waliodhaniwa kuwa warembo walisikika wachangamfu zaidi, wenye kujiamini zaidi, wenye joto zaidi la urafiki. Wale waliodhaniwa kuwa si warembo walisikika wamepoa.

Tafakari hapo. Sura zao halisi hazikuhusika kabisa. Walibadilishwa na namna walivyozungumziwa. Mvulana alitarajia ubaridi, akaongea kwa ubaridi, akaupata ubaridi, kisha bila shaka akajisemea, "Si unaona? Nilijua tu." Kumbe ule ubaridi ulikuwa wake mwenyewe.

Nilipokuwa mwaka wa kichungaji niliyaona haya kwa macho. Katika parokia moja, ambayo sitaitaja, watoto wa Utoto Mtakatifu walikuwa wanajiandaa kucheza siku ya Kipaimara, na Askofu alikuwa anakuja. Mlezi wao akawapanga: wale wanaopendeza mbele, wengine nyuma. Kulikuwa na binti wa miaka tisa hivi, ana kovu la moto shavuni hadi shingoni. Hatua zote alikuwa anazijua, tena wenzake wakisahau walikuwa wanamchungulia yeye. Akawekwa mstari wa mwisho. Hakuna aliyemtukana. Hakuna aliyesema neno "kovu". Alisogezwa tu, kwa mkono begani, kwa upole kabisa.

Wiki iliyofuata alichelewa mazoezi. Iliyofuata tena alikuja, akacheza kama mtu aliyelazimishwa. Halafu akaacha kuja. Ndipo nikasikia mtu mzima akisema, "Yule mtoto hana moyo wa kanisa." Mnaona mzunguko ulivyokamilika? Kwanza tunamweka mtoto nyuma, tukimuweka nyuma anapoa, na akipoa tunasema tulifanya vyema kumuweka nyuma.

Aliyeukata mzunguko ule ni mama mmoja wa jumuiya yake. Alikwenda nyumbani kwao, akamwita yule binti kwa jina, akamwomba amfundishe mjukuu wake zile hatua kwa sababu alikuwa anazikosea. Mama huyo hakusoma saikolojia popote. Binti alirudi akiwa na mwanafunzi wake mkononi.

Kwani Mungu hapendi uzuri?

Sasa tusije tukaruka upande wa pili na kusema uzuri ni kitu cha shetani. Hiyo si imani yetu. Katika falsafa tulifundishwa kwamba Plato aliuona uzuri kama ngazi: mtu anaanza kuvutiwa na mwili mzuri, na akiongozwa vizuri anapanda hadi uzuri wa nafsi, wa elimu, na mwisho uzuri wenyewe usiochakaa. Mtakatifu Tomaso wa Akwino naye alizungumzia ukamilifu, ulinganifu na mng'aro kama sifa za uzuri, tena alizitaja akiwa anamzungumzia Mwana wa Mungu mwenyewe. Uzuri ni zawadi. Tatizo la ngazi ni pale mtu anapokaa kwenye ngazi ya kwanza na kujenga nyumba.

Biblia pia haina chuki na uzuri. Angalieni ile simulizi ya Samweli. Samweli anamwona Eliabu, mrefu, mwenye umbo, moyoni anasema huyu ndiye. Mungu anamkatalia na kumweleza kwamba wanadamu huishia kwenye sura, bali Yeye huangalia moyo. Tunaipenda aya hiyo, tunaiweka hata kwenye fulana. Lakini endelea kusoma hadi aya ya 12: Daudi anapoletwa, mwandishi anatuambia kwamba naye alikuwa na sura nzuri! Hivyo Mungu hakumkataa Eliabu kwa sababu ya kupendeza, wala hakumchagua Daudi kwa sababu hapendezi. Sura haikuwa hoja, basi.

Samweli alikuwa nabii mwenye uzoefu, na bado alitaka kurudia kosa ambalo Israeli walikuwa wameshalilipia. Sauli alikuwa mzuri na mrefu kuliko watu wote (1 Samweli 9:2), tukajua alivyoishia. Baadaye Absalomu alisifiwa uzuri tangu utosi hadi unyayo (2 Samweli 14:25), na nchi ikaingia kwenye vita. Wahenga wa pwani walikuwa na neno lao: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Mkakasi ni kikopo cha mti kilichopambwa kwa nje, cha kutunzia manukato na vitu vidogo vidogo. Ukiufungua ndipo unajua ulichonacho.

Kinyume chake ni Sokrate. Huyu baba wa falsafa alikuwa na pua bapa na macho yaliyotokeza, na wenzake hawakuacha kumtania. Katika kitabu cha Plato kiitwacho Symposium, Alkibiade, kijana aliyesifika kwa uzuri Athene nzima, anamfananisha na vile visanamu vya sura ya kuchekesha ambavyo ukivifungua unakuta ndani sanamu za miungu. Kijana mzuri kuliko wote ndiye aliyeona kilichomo ndani ya mzee mwenye sura mbaya. Inawezekana, kumbe.

Kipimo cha Mtakatifu Tomaso

Turudi kwenye swali letu: dhambi iko wapi? Mimi hupenda kutenganisha hatua tatu: kuona, kuhukumu, kutenda.

Kuona hakuna shida. Jicho likivutiwa na uso, huo ni mwendo wa kwanza wa hisia, haujapita kwenye hiari yako. Huendi kuungama kwamba uliona.

Kuhukumu ni jambo jingine. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2477, inatuonya juu ya hukumu ya haraka, yaani kukubali moyoni, hata kimyakimya, kwamba jirani ana kosa la kimaadili bila msingi wa kutosha. Uso si msingi wa kutosha. "Huyu anaonekana mwizi" si ushahidi.

Halafu kutenda. Hapa Mtakatifu Tomaso anatusaidia sana. Katika Summa yake, anapozungumzia upendeleo, anauweka chini ya haki ya ugawaji, yaani namna ya kumgawia kila mtu kinachomstahili. Mfano wake ni wa shule: ukimpa mtu nafasi ya kufundisha kwa sababu ana elimu, umeangalia sababu inayohusika. Ukimpa kwa sababu tu yeye ni Petro au Martino, au ni tajiri, au ni ndugu yako, umeangalia mtu badala ya sababu. Huo ndio upendeleo, na ni dhambi dhidi ya haki.

Kwa hiyo kipimo ni swali moja: je, sababu yangu inahusiana na kitu ninachogawa? Ninayegawa nafasi ya kusoma somo la kwanza kanisani, kinachohusika ni sauti, matamshi na maandalizi. Anayegawa alama, kinachohusika ni majibu. Anayegawa dawa dirishani, kinachohusika ni ugonjwa na foleni. Sura haihusiki hata mahali pamoja hapo. Mtume Yakobo anatoa mfano wa pete ya dhahabu na mavazi mazuri: mwenye navyo anakalishwa mahali pazuri, maskini anaambiwa akae chini. Ukiweka sura nzuri mahali pa pete ya dhahabu, somo ni lile lile.

Immanuel Kant, mwaka 1785, aliandika kwamba vitu vina bei na watu wana hadhi. Chenye bei unaweza kukibadilisha na kingine cha thamani sawa. Chenye hadhi hakina mbadala. Ndiyo maana methali ya "kizuri chajiuza" ni kweli sokoni na ni hatari ikiingia kwenye mahusiano ya watu. Mtu hajiuzi wala hajitembezi. Hayuko mezani.

Suzana, au upande wa pili wa sura nzuri

Dada zangu mnaosifiwa uzuri, najua mnasema: "Frateri, usidhani sisi tunakula raha." Ni kweli. Yusufu wa Misri alikuwa na sura nzuri, ikampeleka gerezani (Mwanzo 39). Na Suzana katika Danieli 13 aliponea chupuchupu kuuawa. Wazee wawili, waamuzi wa watu, walimtamani. Alipowakataa wakamsingizia uzinzi. Mwandishi ana jambo dogo la kutisha katika aya ya 32: hata akiwa mahakamani, waliamuru afunuliwe shela ili wazidi kuushibisha macho uzuri wake. Na mkutano ukawaamini. Kwa nini? Aya ya 41 inajibu: kwa sababu walikuwa wazee na waamuzi. Uso wa Suzana uliwafanya wawili wale wamwone kama kitu, na mwonekano wao wa heshima uliwafanya watu wawaone kama wakweli. Mara mbili watu waliishia nje.

Hadithi ya Suzana haijapitwa na wakati. Hapa Tanzania, sheria ya kuzuia rushwa ya mwaka 2007 inaitaja rushwa ya ngono kuwa kosa, na haikuandikwa hivyo bila sababu. Binti anafaulu kwa jasho lake, halafu watu wanasema "amepita kwa sura". Anapandishwa cheo, wanacheka kwa chini. Huyu naye ameporwa haki, kwa sababu bidii yake imefutwa na uso wake.

Aliyemwokoa Suzana ni Danieli, naye alikuwa kijana tu. Angalieni alichofanya: aliwatenganisha wale wazee na kumuuliza kila mmoja, ni chini ya mti gani uliwaona? Kila mmoja akataja mti wake. Danieli hakusema "Suzana ana uso wa ukweli". Aliuliza swali na kusubiri jibu. Hiyo ndiyo dawa ya macho yenye haraka.

"Lakini tabasamu langu ni langu"

Kuna pingamizi moja la maana. Mtakatifu Tomaso mwenyewe anakubali kwamba katika vitu vinavyotolewa kwa hisani tu, visivyo deni, hakuna upendeleo: mwenye mali anaweza kumpa amtakaye. Basi mtu atasema, tabasamu si mshahara. Salamu si alama za mtihani. Nitamchangamkia ninayetaka.

Najibu kwa mambo mawili. La kwanza, usikivu mwingine ni deni. Mwalimu, nesi, katekista, karani, na siku moja Mungu akipenda mimi nikiwa padre kwenye kitubio, hatutoi hisani tunaposikiliza, tunalipa tunachodaiwa. La pili, hata pale ambapo si deni la haki, sisi ni wafuasi wa Yesu, naye hakutuachia kipimo cha haki peke yake. Katika Mathayo 5:46-47 anatuuliza, mkiwapenda wanaowapenda na kuwasalimu ndugu zenu tu, mmezidi nini? Na kama lile jaribio la simu ni kweli, basi salamu yako ya uchangamfu haimkuti mtu kama alivyo tu. Inamsaidia awe mchangamfu. Ukimnyima, unamnyima hata nafasi ya kukuonyesha alivyo.

Kuhusu uchumba, maana najua mnasubiri: mvuto una nafasi yake, hakuna anayekuambia uoe au uolewe na mtu usiyependa kumtazama. Lakini uso haujibu swali ambalo ndoa inauliza. Ndoa inauliza uaminifu, uvumilivu, namna mtu anavyoshughulika na hasira na pesa na wagonjwa. Hayo huyaoni kwenye picha, unayaona kwa muda.

Na uso wako je?

Wengi wetu hakimu mkali kuliko wote tuko naye kwenye kioo. Tunapiga selfii ishirini, tunafuta kumi na tisa, iliyobaki tunaipitisha kwenye filta hadi haifanani na sisi. Wengine wamefika kwenye mkorogo, wanajipaka zebaki na hidrokwinoni bila kujua, ngozi inaharibika na figo zinaumia. Siwacheki. Mtu haharibu ngozi yake kwa sababu ni mjinga. Anafanya hivyo kwa sababu amejifunza, kwa uzoefu, kwamba dunia inamtendea tofauti kulingana na uso. Kwa hiyo tukitaka ndugu zetu waache mkorogo, mahubiri hayatoshi. Inabidi sisi wengine tuache kulipa wanachokitafuta.

Kanisa lina mtakatifu ambaye vijana wengi hawamjui: Margareta wa Città di Castello, Italia. Alizaliwa mwaka 1287 katika familia ya kabaila, kipofu, mfupi sana, mgongo umepinda. Wazazi wake waliona aibu, wakamficha kwenye chumba pembeni ya kanisa. Baadaye walimpeleka kuombewa kwenye kaburi la mtu aliyesifika kwa miujiza, na muujiza ulipokosekana wakamwacha huko huko. Maskini wa mji ule ndio waliompokea, wakapokezana kumtunza majumbani mwao. Akajiunga na Utawa wa Tatu wa Mtakatifu Dominiko, akahudumia wagonjwa na wafungwa, akafariki mwaka 1320. Papa Fransisko alimwandika katika orodha ya watakatifu mwaka 2021. Wazazi waliokuwa na macho hawakumwona. Waliomfungulia mlango ndio waliomwona.

Na tusisahau Isaya 53:2, pale nabii anaposema kuhusu Mtumishi wa Bwana kwamba hakuwa na umbo wala uzuri wa kutuvutia. Kanisa linayasoma maneno hayo Ijumaa Kuu. Kama sura ndiyo kigezo chetu, siku ile Kalvari tungepita tukitazama pembeni.

Tufanye nini wiki hii?

1. Kabla ya kuamua juu ya mtu, jiulize swali la Mtakatifu Tomaso: sababu yangu inahusiana na ninachogawa? Viongozi wa kwaya, VIWAWA, TYCS na walezi wa watoto, hili ni letu kwanza.

2. Fanya kama Danieli. Mtu akikuvutia au kukuchukiza haraka, muulize swali moja la kweli, kisha nyamaza usikilize.

3. Kwenye jumuiya yako yupo mtu ambaye watu humsalimia huku wakitazama kwingine. Mjue jina lake. Mwite kwa jina hilo mbele za watu.

4. Ukijitazama kwenye kioo, anza na shukrani kabla ya ukaguzi.

5. Soma Yoshua bin Sira 11:2-3, ujifunze kwa nyuki: mdogo kati ya virukavyo, lakini nani anaachia asali yake?

Tusali

Ee Yesu, ulimtazama yule kijana tajiri ukampenda. Utupe macho yako. Utusamehe wote tuliowaweka nyuma bila kusema neno. Uwaponye waliozoea kupitwa, na uwalinde wanaosumbuliwa kwa sababu ya uzuri wao. Utusaidie kumpa kila mtu anachostahili, na kidogo zaidi, kwa ajili ya upendo wako. Amina.

Niandikieni maoni yenu, hasa mliowahi kuwekwa mstari wa nyuma. Nitayasoma yote.

Ndugu yenu katika Kristo,
Frateri